Bawa Lililopakwa Nta

Kaka yangu alirudi kutoka masomoni Ulaya na sanduku moja, miwani ya jua na hadithi. Sanduku limeshaoza, miwani ilivunjika zamani, lakini hadithi bado anayo. Mwaka jana aliisimulia kwenye harusi ya binti yangu, watu wakacheka hadi kushika mbavu, na mimi nikiwa uani na masufuria nilisikia kila neno. Alieleza jinsi alivyoruka. Alieleza nyuki. Hakueleza kitambaa kilitoka wapi. Basi naeleza mimi, na atakayeudhika audhike.

Kwetu ni Tabora mjini. Ukoo wa baba ni wa mafundi nguo tangu enzi za misafara, wapagazi walipokuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu na kurudi na majora ya marekani, ile nguo nyeupe, nzito, isiyo na ua hata moja. Wao wa pwani waliileta, sisi tuliishona. Baba alirithi kazi na baraza, akanunua cherehani ya miguu, na kwa miaka mingi kaptura za wanafunzi wa mji ule zilipita mikononi mwake. Halafu macho yake yakaanza kufifia.

Kwanza alishindwa kutunga uzi, nikawa namtungia nikitoka shule. Kisha akashindwa kuona mstari wa chaki. Nilipomaliza darasa la saba nikakalia kile kiti chake, "kwa muda tu," kama alivyosema, mpaka kaka arudi. Kaka ndiye aliyekuwa mtu wa kusoma. Jambo hilo halikuwahi kujadiliwa nyumbani kwetu. Mimi nilikuwa na akili kumzidi, na nasema hivyo bila haya, maana hesabu zake nilimfanyia mimi niliyekuwa madarasa ya chini yake.

Miaka ile watu walikuwa wanahamishwa kutoka kwenye makazi yao ya porini na kukusanywa kwenye vijiji vya ujamaa. Kila kijiji kilitaka shule, kila shule ilitaka mwalimu, na walimu hawakuwapo. Ikatangazwa kwamba waliofaulu vizuri darasa la saba wangeweza kupelekwa chuo cha ualimu, mradi viongozi wa kata wawapendekeze. Katibu wa kata ya upande wa mama, njia ya kwenda Isikizya, alikuwa mteja wetu. Siku moja amesimama barazani napima mabega yake, akamwambia baba, "Mzee, binti huyu nitampeleka. Anaandika vizuri kuliko karani wangu."

Baba akajibu, "Kaka yake akirudi akaibeba nyumba hii, mimi sina neno."

Jioni ile baba alifungua kasha lake. Chini kabisa, chini ya kanzu zake za Idi, alikuwa na jora la marekani alilolinunua kabla nguo hazijaadimika madukani. Alikuwa hajawahi kuliuza, hata walipokuja watu kumbembeleza. Akanipakatisha. "Hili ni lako," akasema. "Mashuka, blauzi na gauni za ndani. Mtoto wangu hatakwenda chuoni akalalie godoro tupu." Wakati ule mwanafunzi alikwenda na mashuka yake mwenyewe, na asiye nayo alijulikana chumba kizima. Nililala na lile jora pembeni ya kitanda changu. Kichwani nilikuwa nimeshalikata lote, kila blauzi na kola yake.

Kaka akarudi. Alikuwa amesomea mitambo katika mji ulio kando ya bahari, na jambo la kwanza alilotueleza, kabla hata hajauliza hali ya macho ya baba, lilikuwa ni kuruka. Kule kuna majabali, alisema, yamesimama wima juu ya maji. Upepo unatoka baharini umelala, unagonga jabali, unakosa pa kwenda, unapanda juu. Vijana wanajifunga chini ya bawa la kitambaa lenye pembe tatu, wanakimbia hadi ukingoni na kujitupa. Hawaanguki. Upepo ule unawashika, nao wanakwenda kulia, wanageuka, wanarudi kushoto, juu ya ukingo ule ule, mchana kutwa, mpaka washushwe na njaa. Alijiinamisha katikati ya sebule, mikono imeshika fimbo isiyokuwapo, akawa anayumbisha kiuno kutuonyesha jinsi wanavyogeuka. Baba, ambaye hakuweza kuona uzi, aliiona ile bahari. Uso wake ulikuwa umeng'aa. Kwangu mimi hakuwahi kuung'arisha hivyo.

Nilimuuliza, "Kaka, na bahari ya Tabora iko wapi?"

"Upepo ni upepo, bibiye. Nipatie kilima."

"Na habari yangu ya chuo? Umeongea na baba?"

"Nitaongea. Kwanza hili."

Kwanza hili. Neno hilo nilikuja kulisikia mpaka masikio yakaota sugu. Mianzi ilitoka Kigoma kwa treni. Waya zilikuwa za breki za baiskeli, alizozipata kwa mafundi baiskeli wa sokoni kwa maneno matupu. Kilichobaki ni kitambaa, na madukani hakikuwapo. Asubuhi moja nilirudi kutoka sokoni nikakuta jora langu limetandazwa uani, limepigwa chaki, na kaka amepiga magoti juu yake na viatu vyake miguuni.

"Baba amekubali," alisema kabla sijafungua mdomo.

Nikaenda kwa baba. Alikuwa ameketi palepale barazani, hana kazi mikononi. "Ni la kuazima tu, mwanangu," akasema. "Akisharuka utalifumua, utashona mashuka yako."

"Nguo ikishatobolewa sindano kila mahali, baba, unaifumua iwe nini?"

"Usinijibu."

Nilimchukia kaka yangu siku ile, na mpaka leo sijaona sababu ya kupunguza.

Mtaniuliza kwa nini nilishona. Nilishona kwa sababu alinijia jioni na maneno matamu. Kijiji cha kwao mama kilikuwa kinaandaliwa sherehe ya kukifungua, Katibu akiwa mwenyeji, wageni wakitoka wilayani. Nyuma ya kijiji kile kuna kilima cha mawe. Kaka angeruka kutoka kilimani mbele ya wageni wote, na akishatua, alisema, angesimama mbele ya Katibu na baba na kusema wazi kwamba yeye sasa anaibeba nyumba na mimi niende chuo. "Katibu akipata sifa kama ile kijijini kwake, atakukatalia nini?" Niliamini. Kila mshono wa bawa lile nilikuwa najishonea njia ya kutokea.

Na nilishona vizuri. Wanaosikia hadithi ya kaka hudhani bawa lilikuwa tambara lililofungwa kwenye miti. Nilikunja kila pindo mara mbili, nikapita juu yake mara mbili, mikono yangu ikapata malengelenge kwa kusukuma nguo nzito chini ya mguu wa cherehani. Katikati, pale mwanzi mkubwa ulipotakiwa kupita, nilishona mfuko mrefu kutoka puani mpaka mkiani, wazi upande wa mbele. Sindano zilikuwa za shida, nami nilivunja moja tu.

Tulipolinyanyua uani mara ya kwanza, upepo ulipita ndani ya marekani kama unavyopita kwenye chandarua. Bawa halikujaa. Kaka akasema kule ng'ambo vitambaa vyao havipitishi hewa. Ni mama aliyesema, "Pakeni nta." Mama ni mtoto wa warina asali. Kwao nta ilikuwapo, na wote nyumbani tuliona ni wazo zuri sana. Mama aliiyeyusha kwenye sufuria, mimi niliipaka kwa kitambaa na kuipigia pasi ya mkaa mpaka ikanywewa, upana kwa upana. Nta yenyewe haikuwa imesafishwa sawasawa, ilikuwa bado na uchafu wa masega. Uwanja wote ulinuka asali. Bawa likawa la manjano, gumu, nalo tulipolinyanyua lilivuta mikono yetu juu. Kaka akapiga kelele za furaha. Mimi nilikuwa natazama mashuka yangu.

Tukalipeleka kijijini kwa gari la chama cha ushirika lililokuwa linapeleka mbegu. Akina mjomba walikuwa wamehamia pale karibuni tu, kwa kuhamishwa. Nyumba zao za zamani zilibaki porini bila paa, na mizinga yao ilibaki mbali kwenye miti ya miyombo, haina wa kuitazama. Mjomba alikuwa na hasira ambayo hakuweza kuisema mbele ya watu, kwa hiyo aliimalizia kwenye jembe. Lakini bawa alilipenda. Sherehe ilikuwa imeahirishwa wiki nzima kwa sababu mgeni mkubwa alikuwa safarini, na mchwa wa pale wanakula hata mpini ukiwa mkononi, basi ikabidi tulitafutie bawa pa kukaa. Tukachomoa mianzi ya pembeni, tukabakiza ule mkubwa wa katikati, tukaliviringisha kuuzunguka, tukalifunga kwa kamba za magome. Mjomba akachagua mti, mninga wenye matawi imara pale kilimani, akapanda na kulitundika juu, limelala kwenye panda.

Naomba msomaji alitazame vizuri. Kitu kirefu cha mviringo, kimepakwa nta ndani na nje, kina tundu upande mmoja, kimetundikwa juu ya mti mwishoni mwa kiangazi, wakati miyombo inachipua na makundi ya nyuki yanahama. Warina asali wa kwetu hutengeneza mzinga hivyo hivyo, huupaka nta hivyo hivyo, huutundika hivyo hivyo, kisha hurudi nyumbani kusubiri. Mjomba alifanya kazi hiyo tangu utotoni. Mama alizaliwa ndani yake. Mimi na kaka tulilelewa kwa asali yao. Sote tulipita chini ya mti ule kwenda kisimani, na hakuna aliyeona kitu. Kwetu sisi lile lilikuwa bawa.

Siku ya sherehe tulilishusha alfajiri na baridi. Kaka aliingiza mianzi ya pembeni, akakaza waya. Nilimwambia kuna mlio. Akasema ni waya zinaimba kwa upepo, na kwamba hata kule ng'ambo zilikuwa zinaimba. Alikuwa amevaa kaptura na ile miwani. Nikamkumbusha, "Ukitua, unamwambia Katibu nini?"

"Niache nipumue, wewe! Kwanza hili."

Chini ya kilima lilikuwapo jukwaa la miti na matawi, viti vya wageni, ngoma, na nyuma yake jengo la shule mpya, kuta na mlango tu, paa bado. Shule ile ndiyo Katibu aliyosema ningekuja kufundisha. Baba alikuwa ameketishwa safu ya mbele kwa heshima, shingo ameinua kuelekea kilimani kama mtu anayeona. Nilikuwa juu na kaka, nimelishika bawa mkiani. Jua lilikuwa limekwishapanda na mawe yameanza kupata joto. Upepo wa mashariki ukaja, ukagonga kilima, nami niliusikia kwenye viganja vyangu ukipanda, sawasawa na alivyosimulia. Akakimbia. Nikaachia.

Akaruka. Siwezi kudanganya hapo, ingawa ningependa. Miguu yake iliacha mawe, bawa likajaa, likawa la rangi ya ugali wa mtama mbele ya jua, na likabaki hewani. Likaenda kulia pembezoni mwa kilima, likageuka, likarudi. Ngoma zilinyamaza. Watu wote wale walikuwa wamefungua midomo. Mishono yangu yote ilishika, hata mmoja haukuachia, na kwa muda ule nilisahau kumchukia. Nilijiona nimeshafika chuoni.

Kisha akaanza kupiga teke. Kwanza nilidhani ndivyo wanavyoshuka. Halafu nikaona moshi unatoka mbele ya bawa, kwenye pua, pale nilipoacha mfuko wazi, na moshi ule ulikuwa unarudi nyuma na kumzunguka kichwa. Akaachia mkono mmoja. Bawa likainama, likapiga nusu duara juu ya muhogo wa shamba la kijiji, likaja moja kwa moja kwenye jukwaa, kaka akipiga ukunga kuliko mwanamke anayejifungua. Alitua kwenye meza ya wageni. Kundi zima likatua naye.

Hadithi yake inaishia kwenye mbio za watu, na kweli walikimbia. Mgeni mkubwa aliingia chini ya gari lake. Katibu alikimbilia ndani ya shule isiyo na paa na kufunga mlango. Mama alimfunika baba kwa khanga zake mbili na kumlalia juu. Hakufa mtu. Alikufa mbuzi aliyekuwa amefungwa kwa ajili ya karamu, na watu walishindwa kumla, alivyokuwa amevimba. Huko harusini watu walicheka sana hapo kwenye mbuzi.

Kesho yake tuliitwa ofisi ya kijiji. Katibu alikuwa na jicho moja tu linalofunguka. Hakutusalimia, na baba alipoitikia shikamoo ambayo haikutolewa, hakuna aliyecheka. "Nataka kujua," Katibu akasema, "ni nani aliyefuga nyuki ndani ya kitambaa kile akaja kuwamwaga mbele ya wageni wa serikali. Hii ni hujuma."

Nilimtazama kaka. Midomo yake ilikuwa imevimba lakini maneno yalitoka.

"Ndugu Katibu, mimi nimesomea mambo haya. Kule nilikosoma hakuna nta wala mfuko. Niliagiza bawa, sikuagiza mzinga." Akaninyooshea mkono. "Aliyeshona ni huyu. Aliyepaka nta ni huyu."

Mama akasimama. "Nta ni ya kwetu, na wazo ni langu."

"Kaa chini, mama," akasema Katibu, naye akakaa.

"Binti, ulipaka nta?"

"Nilipaka. Lakini kwa amri ya..."

"Nimekuuliza ulipaka?"

"Nilipaka."

Nikageukia baba. Nilingoja aseme neno lolote, hata kukohoa. Angeweza kusema kwamba jora lilikuwa langu na alininyang'anya. Alikuwa anasugua goti kwa kiganja, amemgeukia kaka, akamuuliza taratibu kama macho yake hayajadhurika.

Jina langu halikupelekwa. Walipelekwa wengine kutoka kata ile, wasichana niliowajua, na mmoja wao mpaka leo namshonea. Kaka alikaa nyumbani mpaka uvimbe ukaisha, kisha akapanda treni kwenda Dar es Salaam, kiwandani. Akiwa dirishani nikamuuliza, "Na nyumba?" Akasema atatazama mambo kwanza. Mambo anayatazama mpaka leo. Baba akapofuka kabisa. Nilimpikia, nikamwogesha, nikamshonea na sanda, na siku ya mazishi kaka ndiye aliyepewa pole za kwanza.

Bawa nililifumua. Nililichemsha kwa majivu mara nyingi, nta haikuisha. Vipande vilivyotoboka nilivitupa. Kimoja kilichosalimika kinafunika cherehani yangu, na siku za joto baraza lote linanuka asali, wateja wananiuliza naficha nini.

Asubuhi ya pili baada ya harusi kaka alikuja barazani kuaga, na fimbo yake na kikombe cha chai mkononi. Akakaa kwenye kiti cha wateja. Nilikuwa nashona sare za shule ile ile, ambayo sasa ina paa. Akaona kile kitambaa, akakiinua, akakinusa, machozi yakamlengalenga. Akasema kile ndicho kitu pekee kilichobaki cha siku iliyokuwa bora katika maisha yake. Akaniomba nimkatie kipande kidogo, cha ukubwa wa leso, akitie kwenye fremu nyumbani kwake, wajukuu waone bawa la babu yao.

Nikamwambia akashone lake.